Maji Meupe Si Maji Safi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Oyugis)



Leo hatusemi habari ya mishahara. Twasema habari ya maji, maana mshahara wa nyumba yenye wagonjwa huishia katika duka la dawa.

Sisi wa reli, tunaofanya kazi Kisumu na kwetu ni hapa, twajua jambo moja. Siku za injini za mvuke, maji ya boila yalipimwa, kwa sababu maji yenye chokaa nyingi huharibu boila. Ikiwa chuma kilipimiwa maji, je, mtoto anayekunywa maji ya kisima hapa Oyugis, ni nani amempimia?

Wengi wetu husema, "Maji yetu ni meupe, wazee waliyanywa." Ndugu, vijidudu havionekani kwa macho. Kisima kifupi kilicho karibu na choo huingiwa na uchafu chini kwa chini, hasa wakati wa mvua. Maji ya bomba nayo huharibika bomba likipasuka, au tangi likiwa chafu. Mwaka 2025 kipindupindu kilitokea Migori na Kisumu, nasi tuko katikati ya barabara.

Basi tufanyeje? Tumwendee afisa wa afya, yule ambaye wazee walimwita Bwana Afya, tumwombe maji yetu yapimwe. Chupa itoke maabara, wala tusiisuuze, wala tusiguse mdomo wake. Bomba lifunguliwe, maji yatiririke kidogo kwanza. Kisha chupa iwekwe katika sanduku lenye barafu, ifike maabara siku ile ile. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni hiki: katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata E. koli mmoja, maana kijidudu huyo hutoka katika kinyesi.

Madini yapimwe pia. Floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja; ikizidi huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana, mifupa. Kule Migori wachimbaji wa dhahabu hutumia zebaki, nayo ni sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Kwa hiyo hata anayechemsha apime. Na tukingoja majibu, tuchemshe mpaka maji yatokote, au tutie klorini kama ilivyoandikwa juu ya chupa yake.

Kazini nako, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Basi tukiuliza karatasi ya vipimo vya maji ya karakana, hatuombi sadaka.

Mtu akienda peke yake ataambiwa rudi kesho. Wenye visima 20 wakichanga gharama na kwenda pamoja, watasikilizwa. Karani anayo karatasi pale mlangoni. Kila mwenye kisima aandike jina lake kabla hajatoka.