Waliobaki kazini hawamo kwenye hesabu

Wadau, haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao chetu cha mdahalo hapa Machakos mjini. Wengi mliniomba niyaweke hapa, kwa hivyo nimeyakata vipande. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna chama wala mwanasiasa atakayetajwa. Tunajadili hoja.

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, hoja hii inarudi: mzigo wa mishahara umezidi, wafanyakazi wapunguzwe. Upande mmoja unasema tutaokoa pesa. Upande wa pili unawalilia waliopigwa kalamu. Ukisikiliza vizuri, wote wanazungumzia wanaoondoka. Leo nataka tumzungumzie anayebaki.

2/ Nianze nyumbani. Shangazi yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, jina silitaji. Miaka michache iliyopita watu walipunguzwa. Sehemu yake walikuwa sita, wakabaki watatu, na mashine ni zile zile. Jioni hiyo tulimpongeza. Mama alichinja kuku, ati Mungu ametukumbuka.

3/ Mwaka haukuisha, akaambiwa ana presha. Usingizi ulimpotea. Simu ikilia usiku anashtuka. Kichwa kikimuuma anameza dawa na kupanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri. Nikamuuliza, shangazi, mbona usiombe hata siku mbili upumzike? Akanijibu: "Mwanangu, hata wale watatu walikuwa wakiomba ruhusa."

4/ Najua kuna mtu ataniambia huyo ni mtu mmoja, na presha ina sababu nyingi. Kweli kabisa. Shangazi yangu pekee si ushahidi. Ndiyo maana nilienda kusoma.

5/ Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchumi wa Finland ulianguka vibaya na serikali za miji zikapunguza wafanyakazi. Watafiti, wakiwemo Jussi Vahtera na Mika Kivimäki, hawakuwafuata waliofukuzwa. Waliwafuata waliobaki: watu 22,430 katika miji 10, kwa miaka saba na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ.

6/ Pale ambapo wafanyakazi walipunguzwa kwa zaidi ya asilimia 18, vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa miongoni mwa waliobaki vilikuwa mara mbili ya pale ambapo hakuna aliyepunguzwa. Katika miaka minne ya kwanza, ilikuwa kama mara tano. Hiyo mara tano tuishike kwa tahadhari, kwa sababu vifo vyenyewe havikuwa vingi. Lakini mwelekeo ulikuwa wazi: kadiri upunguzaji ulivyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ilivyopanda.

7/ Kuna jambo lingine pale lililonigusa zaidi. Wenye ajira ya kudumu walianza kuchukua siku nyingi zaidi za ugonjwa. Wale wa muda hawakuongeza. Je, walikuwa na afya zaidi? Mimi nadhani tunajua jibu, maana wengi wetu tumelelewa na mtu wa kibarua au wa kandarasi. Mtu wa kandarasi haugui, anavumilia.

8/ Kwa nini mwili unaathirika? Uchunguzi mwingine wa hao hao katika mji wa Raisio, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha sababu kadhaa: kazi inakuwa nzito zaidi, mtu anapoteza usemi juu ya kazi yake, na anaishi na hofu kwamba zamu yake inakuja. Shangazi alikuwa na zote tatu.

9/ Sasa tuje kwa sheria zetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema afisa wa kazi apewe notisi mwezi mmoja kabla, wanaoondolewa wachaguliwe kwa vigezo, na walipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliomaliza. Ni kifungu kizuri. Lakini kinamhusu anayeondoka tu. Hakuna mstari hapo unaouliza kazi yake itafanywa na nani.

10/ Ndiyo, ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inayomtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa kila mtu aliye kazini kwake. Lakini sisi tukisikia usalama kazini tunafikiria kofia ngumu na mtungi wa kuzima moto. Kazi ya watu sita kufanywa na watatu hatuiiti hatari.

11/ Mnakumbuka mwaka 2019, kiwanda cha saruji cha East African Portland, hapa hapa kaunti yetu, kilipotoa notisi kwamba wafanyakazi wote watapunguzwa, kisha waajiriwe upya kwa masharti mapya? Tulibishana sana kuhusu madeni na malipo. Mimi nilikuwa bado shule, lakini sikumbuki mtu mzima yeyote akiuliza watakaorudishwa watakuwa na hali gani.

12/ Kwenye kaunti zote kuna kanuni za fedha za mwaka 2015: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Lengo zuri, pesa za maendeleo lazima zipatikane. Lakini njia rahisi ya kulifikia ni ile ya kimya: muuguzi akistaafu, nafasi yake haijazwi. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna kichwa cha habari. Wodi inabaki na wagonjwa wale wale na muuguzi mmoja pungufu.

13/ Sisemi watu wasipunguzwe kamwe. Kampuni ikifa, wote wanakosa. Nasema hesabu iwe kamili. Mtu akisimama jukwaani akuahidi kuokoa mamilioni, muulize haya matatu: Kazi ya wanaoondoka itafanywa na nani, au itaachwa? Waliobaki wataambiwa lini kwamba upunguzaji umekwisha? Na nani atafuatilia afya yao mwaka unaofuata? Akikosa majibu, ujue kuna gharama ameificha, na kuna mtu anailipa.

14/ Shangazi bado yuko kazini. Siku hizi anaenda kliniki ya presha kila mwezi. Anaenda siku yake ya mapumziko, ili asiombe ruhusa.

Kama kwenu kuna aliyebaki baada ya wenzake kupunguzwa, tuandikie hapa chini anaendeleaje. Jina la mwajiri liache.