Mkono Ulioinuliwa: Kura ya Mwanahisa na Mipaka Yake



Katika mwaka wangu wa pili wa uwakili alikuja ofisini mama mmoja wa makamo, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na muhtasari wa mkutano wa kampuni waliyoachiwa na baba yao: malori manne na mashine ya kusaga. Hisa zote zilikuwa 10,000. Yeye alikuwa na 3,000, kaka zake watatu 7,000. Kaka hao waliitisha mkutano kwa notisi ya kutosha, akidi ikatimia, wakapitisha azimio la kutoa hisa mpya 40,000 kwa bei ya shilingi elfu moja kila hisa. Kila mwanahisa alikaribishwa kununua kwa uwiano wa alichonacho, na alipe ndani ya siku 14.

Mgawo wa mama yule ulikuwa hisa 12,000, yaani shilingi milioni 12. Hakuwa nazo, na kaka zake walijua hana. Wao hawakugusa mfuko: walilipia kwa posho za ukurugenzi walizosema kampuni haijawalipa kwa miaka. Siku zilipokwisha, wakauchukua na mgawo wake. Aliyeingia mkutanoni na asilimia 30 ya kampuni ya baba yake alibaki na asilimia 6.

Nilizisoma karatasi mara mbili, nikamwambia kile nilichokijua: mkutano ulikuwa halali. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Sawa mwanangu, na wao wamepoteza nini?"

Sikuwa na jibu. Mhadhara huu umetokana na swali lile.

Nianze na pale sheria inapoanzia, maana hapafurahishi. Kura ya mwanahisa ni mali. Mkurugenzi akipiga kura ndani ya bodi anabeba amana ya watu wengine, lakini mwanahisa akiinua mkono katika mkutano mkuu anatumia kilicho chake. Mwaka 1877, katika shauri la Pender dhidi ya Lushington, Jaji Jessel wa Uingereza aliamua hivyo waziwazi. Katiba ya kampuni ile iliweka kikomo cha kura 100 kwa kila mwanachama, Pender akazisajili hisa zake kwa majina ya watu wengine ili avuke kikomo. Mwenyekiti akazikataa kura hizo. Jaji akasema zihesabiwe, na kwamba nia ya mpiga kura si kazi ya mwenyekiti kuipekua.

Naikubali hukumu hiyo. Bila uhuru huo hakuna atakayeweka akiba yake katika hisa, kwa sababu atakuwa anaomba radhi kila anapotetea faida yake. Hata hivyo kura ya hisa ni mali ya namna ya pekee. Shamba langu nikilitumia vibaya, hasara huanza kwangu. Kura yangu inaingia moja kwa moja katika mali ya mwenzangu. Na anayeshika robo tatu ya kura anaweza kwa azimio maalumu kuibadili katiba yenyewe ya kampuni, yaani mkataba ambao mwenzake aliuamini alipotoa fedha zake.

Ndiyo maana mwaka 1900, katika shauri la Allen na kampuni ya Gold Reefs of West Africa, Jaji Lindley aliweka mpaka unaonukuliwa mpaka leo: walio wengi wanaweza kubadili katiba ya kampuni, ila wafanye hivyo kwa nia njema na kwa manufaa ya kampuni kwa ujumla. Maneno mazuri. Tabu ilianza pale watu walipotaka kujua maana yake.

Naomba mnivumilie nikae kidogo na mtu aitwaye Greenhalgh, kwa sababu sioni mfano unaofundisha zaidi yake. Mwaka 1941 kampuni ya sinema ya Uingereza, Arderne Cinemas, ilihitaji fedha. Greenhalgh akaziweka, na katika mapatano akapata hisa ndogo za shilingi mbili mbili, ilhali wenzake walikuwa na hisa za shilingi kumi. Kila hisa, ndogo kwa kubwa, ilikuwa na kura moja. Ulinzi wake wote ulikuwa hapo: kwa fedha kiasi, kura nyingi. Baadaye wakagombana. Wenzake wakapitisha azimio la kuigawa kila hisa ya shilingi kumi iwe hisa tano za shilingi mbili. Hakuna aliyeongeza mtaji hata senti moja, lakini kura zilizokuwa katika hisa hizo zikawa mara tano.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufani ilimwambia Greenhalgh kwamba haki yake haikuguswa. Jana kila hisa yake ilikuwa na kura moja, na leo bado ina kura moja. Kilichopungua ni nguvu ya kura hiyo. Miaka minne baadaye akarudi tena, safari hii baada ya walio wengi kubadili katiba ili waweze kumuuzia mtu wa nje hisa zao bila kuwapa kwanza wanachama wa ndani nafasi ya kuzinunua. Akashindwa tena. Jaji Evershed alieleza kwamba "kampuni kwa ujumla" maana yake ni wanachama wote kwa ujumla, hivyo mchukue mwanachama wa kufikirika, ujiulize kama azimio linamfaa.

Hapa ndipo ninapoachana na majaji hawa kwa heshima zote. Mwanachama wa kufikirika hajawahi kuweka fedha yake popote. Hana deni la ada za watoto, hana kaka, hana mapatano aliyoyaamini. Ukimuuliza yeye, karibu kila azimio litamfaa, kwa kuwa haliwezi kumuumiza. Kipimo cha mama yule wa bahasha ni kikali zaidi na ni rahisi zaidi kukishika: azimio hilo hilo limemgharimu nini aliyelipitisha?

Mtaniambia kwamba kipimo hicho nacho kinaweza kudanganywa. Ni kweli, na shauri la Clemens la mwaka 1976 linaonyesha jinsi gani. Shangazi alikuwa na asilimia 55 ya hisa, binti wa ndugu yake asilimia 45. Shangazi akapitisha azimio la kuongeza hisa mpya: nyingine kwa wakurugenzi wenzake wanne, nyingine kwa mfuko wa wafanyakazi. Binti akashuka chini ya asilimia 25, akapoteza uwezo wa kuzuia azimio maalumu. Lakini shangazi naye alishuka, akabaki na kama asilimia 30. Kwa hesabu ya juu juu, alijitoa mhanga kuliko mtu yeyote. Jaji Foster hakuridhika na hesabu hiyo. Aliona kwamba hisa mpya zilikwenda mikononi mwa watu wa upande wa shangazi, na kwamba lengo lilikuwa kumfungia binti mlango daima. Azimio likabatilishwa. Kwa hiyo tunapouliza aliyepitisha azimio amepoteza nini, tusiishie kwenye asilimia. Tufuate nguvu yenyewe imekwenda kwa nani.

Wafaransa walikifikia kipimo cha jirani kwa njia nyingine. Tangu hukumu ya Mahakama yao ya Juu ya Aprili 18, 1961, matumizi mabaya ya wingi wa kura yanathibitika pale uamuzi unapokwenda kinyume cha maslahi ya kampuni na umefanywa kwa lengo moja tu la kuwapendelea walio wengi dhidi ya walio wachache. Kanuni hiyo imeandikwa katika sheria ya makampuni ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012. Mfanyabiashara wa Goma au Lubumbashi anaisoma kama kifungu, na kifungu kinachofuata kinawagusa walio wachache.

Kwani wachache nao huumiza. Ujerumani, kampuni ya nguo ya Girmes ilikuwa mahututi mwaka 1989, na mpango wa kuiokoa ulihitaji mtaji upunguzwe. Wanahisa wadogo walikusanya kura kupitia wakala mmoja, wakauzuia mpango wakidai masharti bora zaidi. Kampuni ikafilisika. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikasema mwanahisa mdogo naye anadaiwa uaminifu kwa wenzake. Nimelitaja hilo ili msidhani ninawatetea wachache kwa sababu tu ni wachache.

Nirudi nyumbani. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, kifungu cha 233, inampa mwanachama nafasi ya kwenda mahakamani ikiwa shughuli za kampuni zinaendeshwa kwa namna inayomuumiza isivyo haki. Kenya inayo nafasi hiyo katika kifungu cha 780 cha sheria yake ya mwaka 2015. Mahakama inaweza hata kuamuru hisa za aliyeumizwa zinunuliwe. Nguzo yake ni neno "haki", na uhalali wa mkutano haulijibu neno hilo.

Leo ningeifungua bahasha ile kwa macho mengine. Ningetafuta posho zile za ukurugenzi katika hesabu za miaka ya nyuma, nione kama ziliwahi kuandikwa kabla ya ugomvi. Ningemwita mthamini wa malori, nijue kama shilingi elfu moja ilikuwa bei ya hisa au zawadi ya kaka kwa kaka. Ningeuliza fedha mpya ziliingia benki siku gani na zilinunua nini, na naamini ningekuta hakuna fedha iliyoingia. Kaka wale hawakupoteza kitu. Hilo lingetosha kulifungua shauri, nami nilimrudishia mama bahasha yake.