Kutu ya Soya: Tukague Majani ya Chini Mapema



Kutu ya soya ni ugonjwa wa kuvu unaosafirishwa na upepo. Jirani zetu wa Uganda waliupata mwaka 1996. Huanzia majani ya chini, kwa vipele vya kahawia mgongoni mwa jani. Soya inapokaribia kutoa maua, kagueni shamba kila wiki. Mkiviona, mwiteni afisa ugani kabla ya kununua dawa. Kiuadudu hakiui kuvu. Na kiuakuvu hulinda jani lililo hai, hakifufui lililokauka. Chagueni kilichosajiliwa na TPHPA, fuateni kipimo cha lebo, vaeni mavazi ya kinga. Anayesubiri shamba lote ligeuke njano hulipia dawa na bado hukosa mavuno.