Mtoto Akitoka Wodini, Hesabu Bado Haijafungwa

Hotuba ya mjumbe wa Kamati ya Fedha kwenye mkutano wetu wa mwaka, Dar es Salaam

Wana-Kagera wenzangu,

Mimi ni mhasibu, si daktari. Nimeombwa kueleza kwa nini fungu la afya la mwaka huu lina vifungu viwili.

Cha kwanza ni nauli. Kwetu mtoto akilazwa kwa malaria na kupungukiwa damu, ndugu tunachangishana, anaongezewa damu, anaruhusiwa, tunamshukuru Mungu. Hapo wengi tunafunga hesabu. Kumbe miezi ya mwanzo baada ya kuruhusiwa nayo ni ya hatari: wapo wanaorudi wodini, na wapo wanaofariki nyumbani.

Majirani zetu wa ziwa wamelipima jambo hili. Kuanzia 2016 hadi 2018, hospitali 9 za Kenya na Uganda ziliingiza kwenye utafiti watoto 1,049 waliokuwa wametibiwa upungufu mkubwa wa damu. Nusu walipewa dawa ya kukinga malaria mara tatu, mwezi hadi mwezi. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika kipindi hicho cha kinga, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga hiyo.

Sisemi mkanunue dawa dukani. Hilo ni la daktari kuamua. Ninachosema ni kwamba daktari hawezi kumkinga mtoto asiyerudishwa kliniki, na mama asiye na nauli harudi.

Kifungu cha pili ni maabara ya sekondari yetu. Mhitimu wa Kidato cha Sita hapati nafasi ya udaktari bila kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtoto anayechorewa jaribio ubaoni anashindania nafasi hiyo hiyo na mwenzake aliyelifanya kwa mikono yake. Na safari ni ndefu: Kidato cha Tano na cha Sita miaka 2, shahada miaka 5, utarajali mwaka 1, ubingwa wa watoto miaka 3. Jumla, miaka 11.

Najua wapo wanaotaka fedha zote ziende maabara, kwa kuwa jengo linaonekana na nauli haionekani. Lakini mtoto aliyeruhusiwa wiki hii hatusubiri miaka 11. Na tukilipa nauli peke yake, wajukuu wetu nao watamfuata daktari mbali kama sisi.

Kuhusu uaminifu: nauli italipwa kwa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi, mzazi atasaini, na orodha ya malipo itasomwa mbele yenu hapa mwakani.

Kadi ya ahadi iliyo mezani kwako ina nafasi mbili, NAULI na MAABARA. Tafadhali usiache hata moja wazi. Kidogo kidogo hujaza kibaba.