NYIMBO ZA JIKONI, NYIMBO ZA MADHABAHUNI
Kumbukumbu za Utoto, Familia na Nyumbani katika Uimbaji wa Usharika

(Hotuba iliyosomwa katika Jioni ya Nyimbo, juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika)



Katika maadhimisho kama haya mambo mengi huhesabiwa. Huhesabiwa waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa na waliotangulia mbele ya haki. Huhesabiwa pia mawe ya msingi, mabati ya paa na vitabu vya mapato na matumizi. Iko hazina moja, hata hivyo, ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la Usharika. Hazina hiyo ni nyimbo ambazo wana Usharika walizisikia kabla hawajajua kusoma: mgongoni mwa mama, kando ya mafiga, katika vihamba vya migomba na njiani kwenda kuteka maji mfereji wa juu. Jioni ya leo imetengwa kwa ajili ya hazina hiyo.

Nyimbo zilivyofika Mlimani

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanza kazi Machame. Mwaka 1894 walifungua kituo cha Mamba, na mwaka 1896 kituo cha Moshi. Walikuja na Biblia na Katekisimu, lakini walikuja pia na tuni. Wao wenyewe walikuwa wamelelewa kwa nyimbo. Kitabu cha kwanza kabisa cha nyimbo za Kilutheri, kilichochapishwa mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, na nne kati ya hizo ni za Martin Luther. Wimbo wake wa Krismasi uliochapishwa mwaka 1535 unasimuliwa kuwa aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe, ili wausherehekee usiku wa kuzaliwa kwa Bwana nyumbani mwao. Kwa hiyo tangu mwanzo wimbo wa Kilutheri ulikuwa na milango miwili: mmoja ulielekea madhabahuni, na mwingine ulielekea jikoni.

Wamisionari walitafsiri nyimbo zao kwa Kichaga, na baadaye Kiswahili kikashika nafasi kubwa zaidi. Kazi ya kutafsiri haikuwa rahisi. Kichaga, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ambayo neno huweza kubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Tuni ya Kijerumani haikujali jambo hilo. Ilipanda mahali ambapo neno lilitaka kushuka, na ikashuka mahali ambapo neno lilitaka kupanda. Wazee wa kwanza waliimba hivyo hivyo, nao kwa kurudia mwaka hata mwaka wakazifanya tuni zile kuwa zao. Walizivuta polepole, wakaziongezea sauti ya pili na ya tatu kwa masikio tu, mpaka mgeni aliyetoka Ujerumani angeweza kusikiliza wimbo wa kwao bila kuutambua mara moja.

Usharika huu ulizaliwa katika miaka migumu. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na Leipzig wakarudi baadaye katika muongo uo huo. Mwaka 1939 vita vikazuka tena na Wajerumani wakakamatwa kwa mara ya pili. Mara zote mbili kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Mchungaji mmoja alihudumia eneo kubwa, na Jumapili nyingi hapakuwa na wa kuhubiri. Lakini hapakukosekana wa kuimba. Mwalimu alisimama, akatoa sauti ya kwanza, na ibada ikawapo. Wale wanaouliza Kanisa liliishi kwa nini katika miaka ile wajue kwamba sehemu kubwa ya jibu ni nyimbo zilizokuwa vichwani mwa watu.

Wimbo na mahali pake

Waumini wa Usharika wanapoulizwa ni wimbo gani wanaoupenda kuliko zote, ni wachache wanaoanza kwa kueleza maneno yake. Wengi huanza kwa kueleza mahali. Mmoja husema, "Ule ambao baba alikuwa akiuimba alfajiri akikamua ng'ombe." Mwingine husema, "Ule wa sala ya jioni, taa ya chemli ikiwa imepunguzwa utambi ili mafuta yasiishe." Mwingine hukumbuka Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, alipotetemeka mbele ya Usharika mzima akiwa na shati jipya, mstari wa Biblia umemtoroka, akaokolewa na wenzake walioanza wimbo kabla ya wakati.

Wako wanaokumbuka tarumbeta. Desturi hiyo nayo ilitoka Ujerumani, ikaota mizizi hapa. Mtoto aliyeamshwa na tarumbeta asubuhi ya Pasaka, ukungu ukiwa bado umeshika migomba, hawezi kuzisikia tena mahali popote duniani bila kunusa udongo wa masika. Wako pia wanaokumbuka redio. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha Sauti ya Injili huko Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Kwaya za mlimani zikasikika mbali. Watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio, wakanyamaza, wakasikia sauti kama za kwao zikitoka angani. Kituo kile cha Addis Ababa kilitwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977, lakini waliokuwa watoto wakati ule bado wanasimulia.

Wataalamu wa mambo ya akili wamethibitisha jambo ambalo bibi zetu wa mlimani walilijua bila darasa: nyimbo za utotoni na za ujana hukaa ndani kuliko nyimbo nyingine, na mara nyingi hubaki hata pale ugonjwa wa uzee unapofuta majina na nyuso.

Mama wa mtaa wa juu

Iko habari moja inayojulikana na wengi waliomo humu. Mama mmoja mzee wa mtaa wa juu alianza kusahau. Kwanza alisahau siku, kisha akasahau njia ya kisimani, mwishowe akasahau majina ya watoto aliowazaa. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alipanda Krismasi kama wafanyavyo wana wa mlima, mabasi yakiwa yamejaa mpaka mlangoni. Alipoingia na kumwamkia, mama alimtazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni, akamwuliza kama amekuja kununua kahawa.

Mwana yule alitoka nje, akasimama kwenye migomba muda mrefu.

Jioni, mjukuu wa miaka saba aliyekuwa akijifunza nyimbo za Shule ya Jumapili alianza kuimba wimbo wa zamani kwa Kiswahili. Mama alinyanyua kichwa. Akaupokea kwa Kichaga, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tano, bila kukwama. Mwanawe hakuyajua maneno ya Kichaga. Alijua sauti ya chini tu, ambayo marehemu baba yake alimfundisha akiwa mvulana, naye akaiimba bila maneno. Walipomaliza, mama alimgeukia akasema, "Wewe unaimba kama baba wa watoto wangu."

Jina la mwanawe hakulikumbuka usiku ule, wala baadaye. Alichokumbuka ni sauti iliyokuwa ikimjibu kwa miaka arobaini, na kwa sauti hiyo alimpa mgeni yule nafasi katika nyumba.

Mwaka uliofuata mama alilala katika Bwana, akazikwa katika kihamba chake. Siku ya mazishi familia iliomba wimbo ule uimbwe kwa Kichaga. Ukaanzishwa. Ubeti wa kwanza uliimbwa na watu kadhaa, wa pili na wachache, na wa tatu hakuna aliyeujua. Kitabu cha mama kilikuwapo, lakini kurasa za katikati zilikuwa zimeliwa na mchwa. Waombolezaji waliendelea kwa Kiswahili, wakamaliza vizuri, ila mwana yule hakuridhika. Kabla ya kurudi kazini alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza. Nyumba ya kwanza hawakuujua, ya pili hivyo hivyo, na ya tatu vivyo. Katika nyumba ya nne alimkuta mzee kipofu aliyeuimba wote, akausikiliza na kuuandika katika daftari la shule la mjukuu wake.

Wapendwa, swali la miaka mia ijayo limo katika habari hii. Je, nyumba ya nne itakuwapo mpaka lini?

Mgogoro wa vizazi

Yapo malalamiko ambayo kila baraza la wazee limeyasikia. Wazee husema kwamba vinanda vya umeme na vipaza sauti vimefukuza utulivu, na kwamba vijana hawakijui kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu. Vijana nao husema kwamba nyimbo za kitabuni ni nzito, zinaimbwa kama watu waliochoka. Pande zote mbili zina la kujifunza kutoka kwa historia.

Wazee wakumbuke kwamba kila kinachoitwa leo cha kale kilikuwa kigeni siku moja. Ngoma na tuni za kienyeji zilizuiliwa kanisani kwa miaka mingi, zikihesabiwa kuwa ni za mataifa. Ni katika miaka ya 1960, katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, ambapo mwalimu Mmarekani, Howard Olson, pamoja na wanafunzi wake walianza kukusanya tuni za makabila na kuzitungia maneno ya Injili. Miongoni mwa waliotunga wakati ule alikuwa Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, aliyeandika wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya nyumbani. Wimbo huo ulitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Wale walioleta tuni zao mlimani sasa husherehekea ufufuko kwa tuni iliyotoka Tanzania. Kama wazee wa wakati ule wangefunga mlango kabisa, zawadi hiyo isingekuwapo.

Vijana nao wakumbuke kwamba wimbo haupendwi kwa sababu ya mapigo yake peke yake. Hupendwa kwa sababu ya yule aliyeuimba karibu na mtu akiwa mdogo. Kinanda kinaweza kununuliwa mjini, bali sauti ya baba ya chini haiuzwi dukani. Nyimbo mpya zinazotungwa leo zitakuwa nyimbo za kale za watoto wa leo, ikiwa tu zitaimbwa pia nyumbani. Zikibaki jukwaani na katika simu, zitasahauliwa pamoja na simu zenyewe.

Kwa hiyo hatari kubwa haimo katika kitabu wala katika kinanda. Imo katika nyumba ambayo jioni haina wimbo wowote, ambamo kila mmoja anatazama kioo chake na watoto wanakwenda kulala bila kusikia mzazi akiimba.

Agizo la Musa

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 31, Musa akiwa karibu kufa, Mungu hakumwagiza kujenga mnara wa ukumbusho. Alimwagiza kuandika wimbo na kuwafundisha wana wa Israeli, uwekwe vinywani mwao, kwa kuwa ungekuwa shahidi ambao uzao wao hautausahau. Agizo hilo lina sehemu tatu: kuandika, kufundisha, na kutia kinywani. Usharika unaweza kulitimiza bila gharama kubwa.

Kwanza, kila mtaa uwatembelee wazee wake mwaka huu, usiahirishe. Vijana wenye simu wanasa sauti, na wanaojua lugha ya nyumbani waandike maneno, beti zote. Pili, vitabu vya zamani vilivyomo masandukuni viletwe ofisini vinakiliwe kabla mchwa hawajamaliza kazi yao, kisha vinarudishwa kwa wenyewe. Tatu, kila Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, watoto waimbe wimbo mmoja waliofundishwa na bibi au babu, na bibi au babu huyo asimame nao mbele. Nne, na hili ni la kila nyumba, wimbo mmoja uimbwe kabla ya kulala. Mmoja tu unatosha, hata kama mwimbaji hana sauti nzuri. Mtoto hasikilizi uzuri wa sauti. Husikiliza ni nani anayeimba.

Miaka mia iliyopita, waliouanzisha Usharika huu hawakuwa na jengo la mawe wala vyombo vya muziki. Walikuwa na mwalimu aliyetoa sauti ya kwanza, na watu waliomjibu. Waliojibu wamelala katika vihamba vyote vinavyoizunguka nyumba hii. Sauti ya kwanza sasa imo mikononi mwa waliomo humu jioni hii, na watoto waliokaa mikekani mbele wanangoja kuipokea.

Bwana aubariki Usharika, azibariki nyumba zake zote, na azitie nyimbo vinywani mwa watoto wake. Amina.