Damu ya Majirani
(Hotuba ya babu mmoja katika maadhimisho ya hekalu letu)



Nimeombwa nieleze jinsi jumuiya hii ilivyoisaidia familia yangu. Nitasema kweli, hata pale inaponiaibisha.

Mjukuu wetu alikuwa na umri wa miaka minne alipoanza kupauka na kulalamika kwamba miguu inamuuma. Homa ilikuja na kuondoka, nasi tukadhani ni malaria. Fizi zilipoanza kutoka damu, alipimwa damu, kisha uboho. Akaonekana ana saratani ya damu.

Tulificha. Tuliwaambia watu kwamba mtoto amepungukiwa damu tu. Nami, mkubwa wa nyumba, nilimwuliza mkwe wangu mtoto huyu analipa karma gani. Hakunijibu. Kwa miezi mingi hakukanyaga hekaluni.

Daktari ndiye aliyenirekebisha. Alisema chembe changa za damu huharibika ndani ya uboho na kuongezeka ovyo. Ugonjwa huu hauambukizi, na mama hakuuleta. Nilirudi nyumbani nikamwomba mkwe wangu radhi mbele ya wanangu.

Matibabu yalichukua zaidi ya miaka miwili. Dawa mojawapo, vinkristini, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska, ambao sisi Wagujarati tunauita barmasi. Ni maua yale yale tunayoyachuma asubuhi kwa ajili ya puja. Lakini dawa za saratani huua chembe mbaya na kudhoofisha nzuri pia, hivyo mtoto huhitaji kuongezewa damu mara kwa mara. Na damu haioti bustanini wala haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu tu.

Hapo siri yetu ikaisha. Mke wangu alimweleza muuza kahawa wa mtaani kwetu. Kabla ya adhuhuri alikwisha fika hospitali na wanawe wawili. Jioni vijana wa hekalu walikuja, pamoja na fundi cherehani na waimbaji wenzake wa kwaya. Hakuna aliyetuuliza habari za karma.

Leo mjukuu wangu yuko shuleni, na bado anakwenda kupimwa. Mtoto wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akicheza naye, hakurudi kwao. Nawaomba tumkumbuke yeye na wazazi wake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mwenye mgonjwa asifiche, na jirani asihukumu. Mwanamume mwenye afya aweza kuchangia damu kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Tusingoje jamaa zetu walazwe.

Mkwe wangu yuko hapa leo, safu ya mbele. Mwanangu, ahsante kwa kunisamehe.

Om shanti.