Yaliyopita Hayajapita: Mazungumzo kwa Watu wa Gatina



Watu wengi hudhani kwamba mambo ya kale ni kazi ya waalimu na wanafunzi. Lakini katika mtaa wa Gatina, na katika Kawangware yote mpaka Kibera, mambo ya kale hayakukubali kukaa darasani. Hujitokeza mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapokuja kudai kodi. Na hujitokeza kwa ukali zaidi kila baada ya miaka mitano, wakati wa kupiga kura. Hapo mtu aliyeazimana chumvi na jirani yake mwaka mzima huanza kumtazama jirani huyo kama mwana wa watu fulani, waliotenda jambo fulani, kabla wao wawili hawajazaliwa. Basi yafaa kuuliza jambo hilo lilitendwa na nani, na kwa nini halikupata kuzungumzwa likaisha.

Hesabu hii ni ya zamani. Katika nchi hii ya Dagoretti ndipo Kapteni Lugard alipojenga boma la Kampuni ya Waingereza mwezi wa Oktoba 1890, baada ya kula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Undugu huo haukutimiza miaka miwili. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa Kampuni, akapelekwa kwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Wazungu wa Kampuni waliandika kwamba alikufa kwa jeraha la kichwa. Wakikuyu wengi wamewasimulia watoto wao kwamba alizikwa yu hai. Habari hizo mbili zimeishi mbalimbali tangu siku ile, moja katika vitabu na moja mekoni.

Lakini jeraha linaloumiza zaidi katika mji wa Nairobi ni lile la Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Serikali ya kikoloni, askari wapatao 25,000, waliuzunguka mji. Kazi ile waliipa jina la Anvil, maana yake fuawe, chuma kile ambacho mhunzi hufulia juu yake. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa kwa magunia yenye matundu ya macho tu. Aliye ndani ya gunia akitikisa kichwa, mtu huyo amekwenda: kwanza Lang'ata, ng'ambo tu ya Kibera, kisha Mackinnon Road au Manyani. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini kwa kazi ile moja. Wengi walirudi baada ya miaka, bila hata kujua ni nani aliyewataja. Pengine alikuwa mtu wa mbali wasiyemjua. Pengine alikuwa jirani yule anayewaamkia kila asubuhi.

Upande wa pili nao ulikuwa na makaburi yake. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, jamaa za walinzi wa Serikali, wanawake na watoto miongoni mwao, walichomwa moto ndani ya nyumba zao. Na kabla siku hazijapita, watu wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Mtu asemaye kwamba vita vile vilikuwa vya Mwafrika na Mzungu tu amesema nusu ya habari. Vilipita katikati ya nyumba, baina ya ndugu na ndugu.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwataka watu wote wasamehe na kusahau yaliyopita. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu, na wanaolicheka leo hawakumbuki hatari iliyokuwapo. Watoto wa waliokwenda msituni na watoto wa homgadi walikuwa wakilima mashamba yanayopakana na kuteka maji mto mmoja. Kisasi kimoja kingalizaa kumi. Nchi ikapata utulivu wake. Walakini kuna tofauti kati ya kusamehe na kusahau. Anayesamehe hana budi kujua amesamehe nini, na amemsamehe nani; anayesahau kwa amri hutakiwa kunyamaza tu. Chama cha Mau Mau, kilichopigwa marufuku na Serikali ya kikoloni mwaka wa 1950, kilibaki marufuku kwa sheria hadi mwaka wa 2003, yaani miaka arobaini baada ya bendera ya Kenya kupandishwa. Waliorudi kutoka vizuizini wakakuta mashamba yao yamekwisha kuandikwa kwa majina ya wengine, wala hawakuwa na mahali pa kulisema neno hilo.

Hata karatasi zenyewe zilifichwa. Kabla ya kuondoka, maofisa wa kikoloni waliamriwa kuzitenga zile ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali yao. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikapelekwa Uingereza kwa siri. (Magazeti ya Kiswahili yaliyotolewa na Idara ya Habari miaka ile hayasaidii sana: yaliandika mengi juu ya magaidi, na machache mno juu ya kambi.) Mwaka wa 2011 ndipo Serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba majalada yapatayo 8,800, ya makoloni 37, yalikuwa yamewekwa mahali paitwapo Hanslope Park.

Majalada hayo yaliwafaa wazee wachache wa Kenya, miongoni mwao Jane Muthoni Mara na Wambugu wa Nyingi, waliokuwa wameishtaki Serikali ya Uingereza mjini London tangu mwaka wa 2009. Wambugu alikuwa Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo wazuiliwa 11 walipigwa kwa marungu hata wakafa, naye akanusurika. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni akasema kwamba Serikali yake yajuta kwa mateso yale, na kwamba watu 5,228 watalipwa. Fedha zote, pamoja na gharama za kesi, zilikuwa pauni milioni 19.9. Kwa mtu mmoja mmoja fedha zile hazikuwa nyingi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba yaliyokuwa yakiitwa uzushi yalikubaliwa kuwa kweli na wale wale waliokuwa wakiyakana. Watu wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, nayo ikashindwa mwaka wa 2018 kwa sababu wakati mwingi mno ulikuwa umepita. Neno hilo ni la kutazamwa sana: kadiri ukweli unavyocheleweshwa, ndivyo aliyekosa anavyozidi kupata kinga.

Lakini wazee wale walikuwa wakimdai mtu aliye mbali. Ni vigumu zaidi ikiwa mdai na mdaiwa wamegawanywa na ukuta wa mabati.

Katika Kibera, askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Mfalme walipewa makao tangu mwanzo wa karne iliyopita, na mwaka wa 1918 ardhi hiyo ikatangazwa, ekari zipatazo 4,197. Hawakupewa hati. Wakapita karibu miaka mia moja wakiitwa wageni, na mwezi wa Juni 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba waliojenga au kupanga kati ya tarehe hizo mbili nao wana maisha yao hapo, nao wahitaji paa. Magomvi ya kodi ya mwaka wa 2001, yaliyomwaga damu Kibera, hayafahamiki kwa mtu asiyeijua habari hiyo.

Gatina na mitaa iliyo jirani nayo ina mfano wake. Wenye nyumba wengi ni Wakikuyu, ambao baba zao waliona ardhi ya Dagoretti ikimegwa na walowezi. Wapangaji wengi ni watu wa magharibi, ambao wamelipa kodi miaka ishirini au thelathini bila kumiliki hata kona. Kila upande umebeba dhuluma yake, na kila upande waona kwamba mwenzake hana ya kwake. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, watu 1,133 waliuawa katika Kenya, zaidi ya theluthi moja yao kwa risasi. Kibera reli iling'olewa. Na katikati ya moshi fundi wa rangi ajulikanaye kwa jina la Solo 7 akaenda huku na huku akiandika kutani maneno ya kuwasihi watu waitunze amani. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, moto uliwaka tena, safari hii Kawangware yenyewe, na jirani akamchomea jirani.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika taarifa za watu zaidi ya 40,000, ikampa Rais ripoti yake mwezi wa Mei 2013. Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Miaka zaidi ya kumi ilipita tangu ripoti kutolewa bila Bunge kuipitisha, na waliodhulumiwa wakangoja fedha za mfuko bila kuziona. Si ajabu basi kwamba watu wa mtaani wamekwisha kuacha kuiuliza.

Hata hivyo si lazima Gatina ingoje Bunge. Watu waliokuwapo Januari 2008 na Oktoba 2017 wangali hai, na wengi wangali wakikaa katika nyumba zile zile. Wajua ni duka la nani lililochomwa, na ni nani aliyemficha jirani wa kabila jingine chini ya kitanda chake hata kukapambazuka. Habari hizo mbili zastahili kuandikwa pamoja katika daftari moja, kwa majina ya wanaokubali kutajwa, zikasomwa mbele ya wenye nyumba na wapangaji walioketi pamoja. Jambo hili halitazipendeza nyumba zote. Wengine wataona haya, na wengine watadai walipwe. Nao wasikizwe, maana anayedai mbele ya watu angali anategemea haki.

Kwa wazee wa Hali ya Hatari wakati ni mfupi zaidi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya fuawe amekwisha kupita 90. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan Kimathi aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, aliziomba serikali, moja baada ya nyingine, zimwonyeshe mahali mumewe alipozikwa. Tarehe 18 Februari 2007 sanamu ya mumewe ilizinduliwa katikati ya Nairobi, katika barabara yenye jina lake. Kaburi hakuonyeshwa. Alifariki mwezi wa Mei 2023, akazikwa Njabini.